Mtu Hajipi Idhini: Mhadhara juu ya Kuongoza Ndege Katika Kiwanja cha Kisiwani



Bila shaka wako miongoni mwenu waliostaajabu waliposikia kwamba hapa Birongo, juu ya vilima vya chai na migomba, mbali na bahari kwa safari ya siku nzima, kutasomwa mhadhara juu ya taratibu za kuongoza ndege katika kiwanja cha kisiwani. Ajabu hiyo humtoka mtu akiwaona vijana wa hapa wakati wa jioni, wameketi mbele ya kompyuta zao, wanaondoka Dar es Salaam kwa ndege ya kuigiza na kutua Unguja kabla chai haijapoa. Nilipoulizwa niwazungumzie nini, wao wenyewe walikwisha kunichagulia: walitaka kujua ni maneno gani husemwa baina ya rubani na mnara, nani humtangulia nani, na kwa nini mambo yote yafuate mpango huo na si mwingine. Swali hilo la mwisho ndilo lililo bora kuliko mawili yaliyolitangulia, na ndilo nitakalolishika hata mwisho.

Hoja yangu ni hii. Anga ya kiwanja kidogo hulindwa kwanza na ukweli wa anayesema na subira ya anayengoja, kisha ndipo vinapokuja vyombo. Na mashine ya kuigiza urukaji, pamoja na manufaa yake makubwa ambayo sitayakanusha, ina ila moja kwa mtu anayeitumia peke yake, nayo ni kwamba humzoeza kujipa mwenyewe idhini ambayo, katika ulimwengu wa ndege zenye watu ndani, hutolewa na mtu mwingine.

Kazi ya kuongoza ndege ni changa kuliko inavyodhaniwa. Mnara wa kwanza wa shughuli hiyo ulisimamishwa Croydon, kusini ya London, mwaka 1920. Na huko St. Louis, Marekani, mwaka 1929, bwana mmoja aitwaye Archie League alikuwa akienda kiwanjani na toroli lake, ndani yake mna mwavuli, kiti na bendera, moja ya mirabamraba ya kumwambia rubani apite na moja nyekundu ya kumzuia, na toroli hilo ndilo lililokuwa afisi yake nzima. Mataifa yalipoona kwamba kila nchi ikiwa na bendera zake na maana zake marubani watapotea, yalikutana Chicago na kutia saini mkataba wa tarehe 7 Desemba 1944, uliozaa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, na viambatisho vyake ambavyo hata leo ndivyo sharia ya anga: cha pili kikieleza kanuni za kuruka, cha kumi mawasiliano, na cha kumi na moja huduma ya kuongoza ndege yenyewe.

Afrika Mashariki haikuwa mgeni katika habari hizi. Katika miaka ya 1930 ndege za shirika la Uingereza la Imperial Airways, zile zenye matumbo kama mashua, zilikuwa zikitua juu ya maji ya ziwa letu pale Kisumu, zikienda na kutoka kusini ya bara. Na kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson, ilipeleka barua na abiria mpaka mwambao na Unguja. Shirika la East African Airways likafuata mwaka 1946, na mwaka 1954 ikafunguliwa shule ya mambo ya anga, ile iliyoko leo Embakasi, ambayo huwafunza waongoza ndege wa Kenya na baadhi ya wa nchi jirani. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilichukua anga yake na mizigo yake, walakini maneno ya redioni, kanuni na mwendo wa kazi vilibaki vile vile, kwa kuwa havikuwa mali ya nchi yoyote.

Sasa natuende kisiwani. Nimekichagua kiwanja cha Unguja, kilichoitwa zamani kiwanja cha Kisauni na leo Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Abeid Amani Karume, kilichoko kiasi cha kilomita tano kusini ya Mji Mkongwe, kwa sababu vijana hukipenda, na kwa sababu kina njia moja tu ya kurukia na kutua. Njia hiyo ina urefu wa kilomita tatu na kidogo, nayo imelazwa kutoka kaskazini kwenda kusini. Kwa hiyo ncha zake zimeandikwa nambari 36 na 18, kwani nambari ya njia ni nyuzi za dira zilizogawanywa kwa kumi, na anayetua akiielekea kusini, nyuzi 180, hutua katika njia 18, ilhali anayetua akiielekea kaskazini, nyuzi 360, hutua katika njia 36.

Kwa nini ikalazwa hivyo? Ndege, sawa na ndege wa manyoya, hutua na kuruka ikiukabili upepo, na pepo za mwambao wetu hazina haja ya kutambulishwa kwa mtu anayesema Kiswahili: kaskazi huvuma tangu Desemba au kabla yake kidogo mpaka Machi, ikishuka na majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi hushika zamu baada ya masika, ikiyarudisha makwao. Pepo zilizowapangia manahodha miezi ya safari ndizo zinazompangia mwongoza ndege njia ya kutumia: wakati wa kaskazi hutumika aghalabu njia 36, na wakati wa kusi hutumika njia 18. Tena tazameni ramani. Dar es Salaam iko karibu kusini kabisa ya Unguja, kwa masafa ya kilomita sabini na kitu. Na Pemba iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo. Basi kaskazi inapovuma, rubani atokaye Dar es Salaam huikuta njia mbele ya pua yake, naye hutua bila ya kuzunguka, lakini mwenzake atokaye Pemba hana budi akipite kiwanja ubavuni kisha ageuke. Na kusi inapovuma mambo hugeuka, wa Pemba akanyoosha na wa Dar es Salaam akazunguka. Mwenye kuigiza urukaji asiyelijua hili atatua siku zote upande ule ule alioanza nao, na kompyuta haitamkemea.

Natuifuate ndege moja, tuseme ile ndogo ya injini moja aina ya Caravan, inayochukua watu kumi na kidogo, ambayo ndiyo daladala ya visiwa hivi. Inaondoka Dar es Salaam asubuhi. Kabla rubani hajaambiwa ahame kutoka kwa mwongozaji wa Dar es Salaam kwenda kwa yule wa Unguja, waongozaji wawili hao wamekwisha kusemezana wao kwa wao: ndege gani inakuja, kwa kimo gani, na itafika mpakani saa ngapi na dakika ngapi. Hakuna ndege inayotupwa mlangoni kwa jirani bila ya hodi. Rubani anapohamia sauti mpya hulitaja kwanza jina la anayemwita, kisha jina la ndege yake, kisha mahali alipo, kimo chake, na wakati anaotaraji kufika. Na mwongozaji humjibu kwa kumpa njia inayotumika, upepo unakotoka na nguvu zake, kanieneo ya hewa, na habari ya ndege nyingine zilizoko karibu.

Hapa pana kanuni ambayo vijana wengi huiruka, nayo ni ya kurudia. Haitoshi rubani kusema tu kwamba amesikia. Sharti ayarudie kwa kinywa chake yale yanayomfunga, yaani idhini aliyopewa, njia atakayoitumia, kimo, uelekeo, mwendo, na kipimo cha kanieneo. Na mwongozaji naye sharti asikilize marudio hayo mpaka mwisho, kwani akinyamaza juu ya kosa amelikubali. Upepo haurudiwi, kwa kuwa ni habari tu wala si amri. Ukiyachungua yanayorudiwa na yasiyorudiwa utaona kwamba sharia haikuwekwa kuwachosha watu kwa maneno mengi. Iliwekwa ili kila lililo dhamana liwe limepita katika vinywa viwili na masikio manne.

Msiidharau habari ya kanieneo. Saa ya kupimia kimo ndani ya ndege haipimi kimo hasa, bali hupima uzito wa hewa na kuugeuza kuwa futi. Na hewa hubadilika uzito kila siku, hata kila saa. Kosa la kipimo kimoja cha hektopaskali ni kiasi cha futi thelathini, au pungufu yake kidogo, na kosa la vipimo kumi linakaribia futi mia tatu. Sisi tunaoishi juu ya vilima tunaweza kuliona jambo hili kuwa dogo. Lakini kiwanja cha Unguja kiko mita chache tu juu ya usawa wa bahari, na rubani anayekijia usiku kwa upande wa baharini haoni chini yake taa, wala mti, wala nyumba ya kumpimia macho. Yeye na bahari wana yule mtu wa mnarani tu baina yao, na ile nambari aliyompa.

Ndege ikikaribia huingizwa katika mzunguko, ambao una pande zake zinazojulikana: upande wa kuondokea, upande wa kukatiza, upande mrefu ambao ndege huenda sambamba na njia huku ikiupa upepo mgongo, kisha upande wa kugeukia, na mwisho ule mstari ulionyooka wa kutulia. Mtindo wa kawaida ni kugeuka kushoto, isipokuwa pametolewa amri nyingine. Kila pembe ina taarifa yake, na kwa taarifa hizo mwongozaji humwambia huyu kuwa wewe ni wa pili, umfuate yule unayemwona mbele yako; humwambia yule arefushe upande wake mrefu; na ikiwa njia haijawa wazi humwamuru apae tena na kuzunguka upya, jambo ambalo si aibu kwa rubani wala si adhabu. Idhini ya kutua ikishatolewa, njia ile ni amana ya ndege moja. Aliyetua akitoka njiani husema kwamba ametoka, na kwa kusema kwake amana huwa imerudishwa, ikaweza kupewa mwingine.

Sasa, mwongozaji ameijuaje sura ya anga yake? Vijana waliozoea michezo hudhani kwamba mbele yake mna kioo kinachoonyesha kila kitu. Ni kweli kwamba Tanzania, katika miaka ya karibuni, imefunga rada mpya za kiraia Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, na jambo hilo limeleta nafuu kubwa. Walakini kazi hii katika viwanja vidogo vya dunia imefanywa kwa miongo mingi, na mahali pengi ingali inafanywa, bila ya rada, kwa karatasi nyembamba zilizopangwa ubaoni, kila ndege na karatasi yake, zimeandikwa jina, kimo, saa na mahali iliposema kuwa ipo. Mwongozaji wa namna hiyo ni kama kadhi: hakuwapo kwenye tukio, hukumu yake yote hutegemea mashahidi, na shahidi mmoja mwongo huiharibu hukumu ya mahakama nzima. Rubani akisema amekwisha kufika maili saba ilhali angali maili kumi, kwa kutaka apewe nafasi ya mbele, au kwa uvivu wa kutazama chombo chake, hakumdanganya mtu wa mnarani peke yake. Amewadanganya na wenzake wote waliopewa nafasi zao kwa kumsadiki yeye. Ndiyo maana katika utaratibu usio wa rada ndege hutenganishwa kwa upana mkubwa: futi elfu moja kwa kimo, au dakika kadhaa kwa wakati, ili kosa dogo la ushahidi lisigeuke maafa.

Kuna pia hatari isiyoonekana kwa macho wala kwa rada. Kila ndege huacha nyuma ya mbawa zake mizunguko miwili ya hewa kama ya kamba inayosokotwa, na kadiri ndege ilivyo nzito ndivyo mizunguko hiyo ilivyo na nguvu. Kiwanja cha Unguja kinapokea katika saa moja Caravan isiyofikia tani nne, ndege ya mapanga ya ATR yenye tani ishirini na zaidi, na majitu ya safari za mbali yaliyojaa watalii. Nazo zote hupita katika njia ile moja. ICAO imezipanga ndege kwa uzito: nyepesi ni zile zisizozidi kilo 7,000, nzito ni zile zinazofikia kilo 136,000 na kuendelea, na zilizo baina yao ni za wastani. Nyepesi inayotua nyuma ya nzito au ya wastani hupewa nafasi ya dakika tatu. Ya wastani inayotua nyuma ya nzito hupewa dakika mbili. Na nyepesi inayoruka nyuma ya nzito kutoka mahali pamoja hupewa dakika mbili, ambazo huwa tatu ikiwa inaanzia katikati ya njia. Kijana anayeigiza, akingojeshwa dakika tatu akiwa na Caravan yake na njia iko wazi mbele ya macho yake, huona anaonewa. Hewa anayongojeshwa kwayo haionekani, lakini inaweza kuibinua ndege ndogo ikawa juu chini karibu na ardhi, mahali ambapo hapana nafasi ya kujirekebisha.

Na redio ikifa? Rubani huigeuza transponda yake, kile chombo kinachoijibu rada, akaiweka nambari 7600, ambayo ulimwenguni kote maana yake ni kwamba mawasiliano yamekatika. Nambari 7700 ni ya dharura, na 7500 ni ya kutekwa nyara. Kisha huja kwenye mzunguko akiutazama mnara, na mnara humsemesha kwa taa. Kijani isiyomweka humruhusu aliye angani kutua. Nyekundu isiyomweka humwambia awapishe wengine na kuendelea kuzunguka. Kijani inayomweka humwita arudi ajiandae kutua. Na nyekundu inayomweka humwambia kwamba kiwanja si salama, asitue. Kwa aliye chini, kijani isiyomweka ni idhini ya kuruka, kijani inayomweka ni ruhusa ya kutembea, nyekundu isiyomweka ni kusimama, na nyekundu inayomweka ni kuondoka upesi katika sehemu ya kutulia. Zile bendera za toroli la St. Louis hazikufa, ziligeuka nuru.

Lakini visiwa si vya bahari ya chumvi peke yake. Karibu nanyi, ndani ya ziwa, viko Rusinga na Mfangano, vyenye viwanja vidogo ambamo hamna mnara wa kumwongoza mtu. Huko rubani hulisema hewani kwa kila anayesikia jina lake, mahali alipo na anachokusudia kufanya, kisha hukizunguka kiwanja akaitazama ardhi, kama pana ng'ombe au watoto, na upepo unaegemea wapi. Mtu anaweza kudhani kwamba hapo kanuni zimelegea, kumbe zimekazwa, kwa sababu hapana wa kuyapatanisha maneno ya marubani wawili yakihitilafiana. Kila mmoja amebeba nusu ya mnara kichwani mwake, na akikosa kusema ukweli hakuna wa pili wa kugundua.

Niliahidi kuirudia ila ya mashine ya kuigiza, nami nitaieleza kwa kisa kilichotokea katika kiwanja kidogo cha kisiwa. Tarehe 27 Machi 1977 bomu lililipuka katika kiwanja cha Las Palmas, visiwani Kanari, na ndege nyingi kubwa zikaelekezwa kiwanja cha Los Rodeos, katika kisiwa cha Tenerife, ambacho kilikuwa na njia moja tu, na hakikujengwa kwa wingi wa namna ile. Ndege zilizoegeshwa ziliziba barabara ya pembeni, hata zilizotaka kuondoka zikalazimika kutembea juu ya njia yenyewe ya kurukia. Ukungu ukashuka. Mnara haukuwa na rada ya ardhini, na waongozaji waliokuwamo hawakuweza kuiona njia. Walikuwa wakiongoza kwa masikio. Ndege ya Uholanzi ya KLM, Boeing 747, ilikuwa imekwisha kufika ncha ya njia na kugeuka. Ya Marekani ya Pan Am, aina hiyo hiyo, ilikuwa ingali ikitembea juu ya njia, ikitafuta pa kutokea.

Mwongozaji aliwapa wa KLM idhini ya safari, yaani njia ya kufuata angani baada ya kuruka, ambayo si idhini ya kuruka. Rubani msaidizi aliirudia, akaongeza maneno yaliyosema kwamba sasa wako katika kuruka. Na mwongozaji, akifahamu kwamba wako tayari wakingoja, alijibu kwa neno la kukubali, kisha akaongeza kwamba wangoje, atawaita. Wakati ule ule wa Pan Am walisema kwamba wao wangali njiani. Sauti mbili zikagongana katika wimbi moja la redio, na ndani ya chumba cha marubani wa KLM pakasikika neno la kukubali, kisha mlio. Watu 583 walikufa; waliosalimika walikuwa 61, wote wa Pan Am.

Baada ya msiba huo kanuni za maneno zilikazwa ulimwenguni. Neno la kuruka halitamkwi tena redioni ila pale idhini ya kuruka inapotolewa au inapofutwa, na kabla ya hapo husemwa kuondoka. Wala neno la kukubali tu halihesabiwi kuwa jibu la idhini. Lakini wachunguzi waliitazama pia tabia ya yule nahodha wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, rubani hodari, mkuu wa wakufunzi wa shirika lake, ambaye kwa miaka mingi saa zake nyingi alizitumia kuwafunza wengine katika mashine ya kuigiza urukaji. Ndani ya mashine ile hapana mnara, na mkufunzi ndiye anayeshika nafasi ya mwongozaji, naye huwapa wanafunzi wake idhini au huwaacha waruke bila ya idhini ili somo lisicheleweshwe. Sisemi kwamba mashine ndiyo iliyoua watu wa Tenerife; ukungu, haraka, uchovu, msongamano na sauti zilizogongana vilikutana siku hiyo. Nasema kwamba mazoea ya kutongoja yaliingia katika hesabu, na kwamba yalipatikana mahali ambapo kila mtu alidhani panafundishwa usalama.

Mashine yenyewe ina sifa zake. Edwin Link, mwana wa watengenezaji wa vinanda huko Binghamton, Marekani, aliiunda ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa mifuko ya upepo ya vinanda, na jeshi la Marekani lilizinunua mwaka 1934 baada ya marubani wake kadhaa kufa walipokuwa wakipeleka barua katika hewa mbaya. Tangu hapo zimeokoa roho zisizohesabika. Programu iliyobuniwa na Bruce Artwick, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 1982, iliifikisha sanaa hiyo katika nyumba za watu, na kwa miaka mingi kila aliyeifungua alijikuta juu ya njia ya Meigs, kiwanja kidogo cha ufukweni mwa Chicago. Kiwanja hicho kilichimbwa kwa matrekta usiku wa Machi 2003 kwa amri ya meya, lakini katika kompyuta za watu kiliendelea kupokea ndege. Ni jambo la kupendeza. Ila tambueni kwamba katika Meigs ile ya kioo hapakuwa na mtu hai wa kumwambia rubani hapana.

Kwa hiyo nasihi yangu kwenu vijana wa Birongo ni ya vitendo. Mkiwa na intaneti ya kutosha, ingieni katika mitandao ya watu wanaoongozana, kama vile IVAO iliyoanza mwaka 1998 na VATSIM iliyoanza mwaka 2001, ambamo mwongozaji ni mtu kama wewe, amefunzwa na kutahiniwa kabla ya kuruhusiwa kusema. Intaneti ikikosekana, chumba hiki kinatosha. Mmoja aketi akiwapa mgongo wenzake asiione kompyuta yoyote, awe na karatasi, kalamu na saa. Wengine wawe marubani, huyu akitoka Dar es Salaam, huyu Pemba, na mwingine akija na ndege nzito kutoka Ughaibuni. Chukueni upepo wa kweli wa siku hiyo, mchague njia kwa upepo huo, mtoe kanieneo, mrudie kila linalofunga, na mhesabu zile dakika tatu kwa saa, si kwa kukadiria. Badilishaneni viti, maana rubani ambaye hajawahi kukaa mnarani hajui uzito wa uongo wake wa maili tatu. Na mwongozaji mpya, kabla ya kufundishwa kuruhusu, afundishwe kuzuia, kwa sauti ya upole isiyotetemeka, kisha amwache rubani angoje mpaka azoee kungoja.

Nimeulizwa na mzee mmoja, kabla sijapanda jukwaani, kwamba haya yatawafaa nini watoto ambao wengi wao hawatashika usukani wa ndege maishani. Watakaokwenda Embakasi watakuta kwamba Kiingereza cha redioni hujifunzwa, na hesabu hujifunzwa, na sura ya anga hujifunzwa. Lakini aliyekwisha kuzoea kujipa idhini humchukua mwalimu muda mrefu kumvunja tabia hiyo, na wengine haivunjiki. Wasiokwenda watakuwa wamejifunza kusema walipo hasa, kungoja zamu ambayo sababu yake hawaioni, na kumrudishia mtu neno lake kabla ya kulifanyia kazi. Kama hayo ni machache, mzee wangu, nitajieni kazi moja katika nchi hii ambayo haiharibiki yanapokosekana.

Maswali sasa ni ruhusa, kwa zamu, na Mwenyekiti ndiye atakayeitoa.